Yeyote Anayesikia

Sauti moja ilizidi hesabu. Mama Kibonge aliisikia akiwa kwenye dirisha lake la tiketi pale makumbusho, mtoto mgongoni, akaacha chenji mezani mgeni akisubiri.

Ndani ya ukumbi spika zilining'inia darini kama popo, kila moja na sauti ya mtu mmoja akibembeleza mtoto. Kazi hiyo waliianzisha wasanii wawili: Mchongaji, dada mpole wa maneno machache, na yule waliyembandika jina la Profesa ingawa hakuwahi kufundisha hata kuku kutaga. Sauti ya kwanza kurekodiwa ilikuwa ya Mama Kibonge mwenyewe. Kisha wote watatu wakasimama mbele ya maikrofoni, wakatamka kwa pamoja: "Yeyote anayesikia, karibu, ongeza sauti yako." Wageni wakaingia, wakaimba, wakaenda zao. Mwenye sauti hii hakwenda.

"Kaka, nani huyo anamtaja mwanangu?" alimnong'oneza Profesa.

"Si wewe? Umeanza kujisahau, mama."

"Mimi sikwaruzi hivyo."

Profesa akapanda ngazi, akachomoa waya. Sauti ikaendelea: Kibonge, Kibonge, njoo kwa mama. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikashuka kutoka darini. Profesa naye akashuka, macho yanamng'aa.

"Usimwambie mtu. Hii ni dhahabu, itatujazia ukumbi."

Tangu hapo mtoto akalikataa ziwa. Nyumbani alilia mpaka sauti ikakauka, alipewa uji akautema, akabebwa huku na huko, wapi, na mashavu yaliyompa jina yakaanza kushuka, ila akifikishwa tu mlango wa ukumbi ananyamaza, anaangalia juu, anachezesha midomo kama anayenyonya, na mama yake anasimama pale matiti yamemjaa yanauma, anamvuta, mtoto anageuza shingo, anamwangalia kama mtu wa kupita njia.

Jioni moja mama mkwe alimnusa mjukuu wake mdomoni, akarudi nyuma.

"Mwanangu, huyu ananyonyeshwa na nani mwingine?"

Siku ambayo makumbusho hayafunguliwi, Mama Kibonge na wasanii wote wawili wakiwa ukumbini, mama mkwe akaja na mganga, mwanamke mfupi asiyecheka. Mganga alisikiliza spika zisizo na umeme, akauliza maneno gani yalisemwa. Akaambiwa.

"Karibu haifi kwa kuchomoa waya," alisema. "Ilitoka mdomoni, itarudi kwa mdomo. Kila aliyemkaribisha amfukuze. Atakayenyamaza atabaki mwenyeji wake peke yake."

"Toka," alisema Mchongaji, akitazama darini. "Karibu yangu nimeichukua."

Spika zikaanza kuyumba bila upepo. Mama Kibonge akafumbua kinywa, na papo hapo ile sauti ikahamia sikioni mwake, ya moto, ikimwambia mwachie, wewe huna maziwa ya kumtosha, mwachie, na mtoto akanyoosha mikono juu, akajinyonga atoke kifuani, na yeye akambana, akambana mpaka akaogopa kumvunja, akapiga ukelele, "Toka! Ni wangu! Karibu yangu naichukua, toka!"

Wote wakamgeukia Profesa.

"Ndugu yangu, sema," Mama Kibonge alimsihi, magoti chini. "Neno moja tu."

"Kesho foleni itafika barabarani. Simfukuzi anayenijazia ukumbi."

"Una mtoto wewe?" mama mkwe alimfokea.

"Sina."

"Utapata," mganga akasema, akafunga mkoba wake.

Walikuwa hawajafika hata kwenye geti. Kibonge alilishika ziwa kwa pupa, akang'ata, na mama yake akaketi kwenye ngazi analia na kucheka, hajali nani anaona.

Kesho yake foleni ilifika barabarani kweli. Katikati ya ukumbi Profesa alikuwa ameketi sakafuni, shati wazi, mikono mitupu ameikunja kifuani, anaibembeleza, anaimba kwa sauti ya kike inayokwaruza. Machozi yalimtiririka. Kila wimbo ulipofika mahali pa kuvuta pumzi, midomo yake ilisema bila sauti: nisaidieni.

Wageni wakapiga makofi.