Mkeka Usiopata Joto

Mkeka-joto ulitandikwa chini ya kila dawati, mwembamba kama khanga, wala haukutoa sauti. Ulinyonya joto la nyayo za watoto ukaligeuza umeme. Darasa moja la watoto arobaini liliwasha mashine-mwalimu ya ubaoni pamoja na taa za mtaa mzima katika jiji la Tukuyu. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto avue viatu.

Subilaga, mpishi wa uji, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake ndani ya beseni la maji. Yeye aliishia darasa la saba. Miaka tisa alipoza uji pale pale, huku akisikiliza masomo.

"Joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi," ilisema mashine. "Huhama mpaka vyote vilingane, kisha hutulia. Nani ana swali?"

Tusekile wa dawati la mbele alinyoosha mkono. Midomo yake ilikuwa imepauka. Jana kikombe kilimponyoka kwa ganzi ya vidole, na Subilaga alimwona.

"Mwalimu, mbona mkeka haulingani na mimi? Naukanyaga tangu darasa la kwanza, bado wa baridi."

"Miguu yako kama ya chura!" wenzake wakacheka.

"Swali hilo haliko kwenye somo," ilijibu mashine.

"Kwangu liko," alisema Subilaga. Akaingia, akaweka beseni mezani. "Njooni mchovye vidole. Asubuhi maji haya yalikuwaje?"

"Ya baridi!"

"Sasa?"

"Vuguvugu!"

"Uji nao umepoa kidogo. Vikishalingana, basi, haupoi tena. Nikitaka upoe zaidi?"

"Unamwaga maji, dada, unaweka mengine!"

"Na nikimwaga kila mara, kutwa nzima?"

Tusekile aliangalia nyayo zake. "Uji unapoa wote," alisema polepole. "Dada, kuna mtu anabadilisha maji huku chini."

Wenzake nao wakaangalia nyayo zao.

Mwalimu Mkuu Mwakyambiki alikuwa ameshafika mlangoni. "Wewe dada, nani kakuajiri ufundishe?"

"Shikamoo, mwalimu. Hakuna. Ila kitu kinachopozwa nakijua."

"Taa za mtaa mzima zinategemea darasa hili!"

"Basi wenye taa waje wavue viatu wenyewe."

"Leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Sawa. Nikishagawa uji."

Akachota kikombe akampa Tusekile. "Kishike kwa mikono miwili, mama. Hilo joto ni lako, usimpe mtu."

Tusekile alikikumbatia mpaka kucha zikapata rangi. Kisha akakiweka chini, akainama, akavaa viatu. Jirani yake akavaa. Safu ya nyuma ikafuata, kisha darasa zima.

"Watoto, vueni vi—" ilisema mashine, ikazimika.

Mwalimu Mkuu alibonyeza swichi mara tatu. Ubao ulibaki mweusi.

Subilaga akachukua kipande cha mkaa jikoni, akarudi, akasimama mbele ya ukuta mweupe.

"Haya," alisema. "Nani ana swali?"