Ubao Nilioambiwa Niutundike

Nina miaka arobaini na minane, mjane, mkazi wa Nyakato, Musoma. Darasani niliishia la saba. Mambo ya malezi nimejisomea mwenyewe. Ninayoyasimulia hapa yananitia kinyaa mpaka leo...

Sebuleni kwangu nililea watoto wa akina mama wanaouza samaki. Walikunywa uji, wakacheza, wakalala. Kibali sikuwa nacho, lakini sikujificha! Nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ilisema hilo ni la elimu. Watu wa elimu wakasema ni la ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii nikaambiwa mhusika yuko Bunda kikazi, nirudi. Nilirudi mpaka mlinzi akawa ananiita shangazi.

Ndipo Mama Rhobi, shoga yangu niliyelea naye watoto hao, akaniambia, "Dada, unahangaikaga bure! Binamu yangu yuko pale ofisini. Acha nikuulizie."

Alirudi anacheka. "Wanataka ubao na herufi! Mtoto akikaa tu bila kusoma, wanasema unafuga kuku!"

Ningemshuku vipi? Nikatundika ubao, nikaandika a, e, i, o, u. Watoto wakaanza kuniita Mwalimu.

Wakaguzi walikuja asubuhi, bila taarifa. Mmoja akawauliza watoto, "Hapa ni wapi?"

"Shuleniii!" wakaitikia kwa furaha.

Akanigeukia. "Kumbe mama unaendesha shule isiyosajiliwa?"

Nikajitetea kwamba ofisi ndiyo iliyotaka ubao. "Nani alikwambia?" akauliza. Nikamtazama Mama Rhobi. Akajifunga kanga vizuri, akasema yeye ni mpishi tu, hajui lolote.

Mpishi tu...! Mtu tuliyekula naye sahani moja!

Nilifungiwa siku hiyohiyo. Haukupita muda, Mama Rhobi akafungua kituo chake Kigera, chenye kibali, na watoto wangu wote wakahamia kwake. Nilijipa moyo kwamba ni bahati yake, mpaka nilipokutana na yule binamu yake wa ofisini, msibani Butiama. Akanishangaa. "Dada, si nilimweleza wazi? Nyumba ya malezi msiweke ubao, mtahesabiwa shule!"

Kumbe shoga yangu alinigeuzia jibu makusudi!

Na maofisa je? Hakuna aliyebandika ukutani hata mistari miwili ya kumwelekeza mwananchi. Sheria inayokaa midomoni mwa watu ni mzoga. Kila fisi hujing'olea kipande chake!

Sasa nafua nguo za watu. Juzi mama mmoja alinijia na mwanawe mgongoni, akilia kwamba kule Kigera mtoto anafinywa. Akaniomba nimpokee, hata kwa siri. Nilimbeba mtoto kidogo, nikamrudishia mama yake... Ningefanya nini?

Wenzangu mnaolea watoto majumbani, nawasihi: sheria iulizeni kwa miguu yenu wenyewe. Mtu akikuletea jibu, hata awe ndugu wa tumbo moja, mshike mkono, mrudi pamoja kwa aliyemjibu. Akikataa kwenda, umeshapata jibu.