Chapchap na Taa ya Nne

Padri alibonyeza swichi, taa zote nne zikawaka kwa mpigo.

Kanisa zima likaangua kicheko. Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, huwashwa moja tu, nyingine husubiri Jumapili zake. Lakini Chapchap, fundi umeme aliyejitolea kuunda shada la taa kwa kuwa upepo ulikuwa ukizima mishumaa kila mwaka, alikuwa ameziunga zote pamoja. Kazi zake ndivyo zilivyo: za haraka, safi, na kuna kitu kimesahaulika.

Mshona nguo, aliyekuwa kwenye kwaya, hakucheka. Jana yake tu Chapchap alikuwa amemwomba waoane.

Baada ya misa alimkuta juu ya ngazi, bisibisi mdomoni.

"Umetuletea Krismasi leo."

"Nisamehe. Nilidhani zinawaka pamoja."

"Na kila mwaka unakaa mbele. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Kwaya."

Ilibidi mshona nguo ajing'ate mdomo asicheke.

"Sasa sikia. Lile la jana nitakujibu Krismasi. Kabla ya hapo usiniulize, wala usitume mtu."

"Mbona mbali hivyo?"

"Mchumba wangu wa kwanza alinikimbiza. Posa, pete, kadi, vyote mbiombio. Wiki ya harusi akazima simu. Gauni nilijishonea mwenyewe, nikalifumua mwenyewe."

Chapchap alishuka ngazi taratibu.

"Basi nitasubiri."

"Wewe? Unayeungua ulimi kila asubuhi kwa kushindwa kungoja chai ipoe?"

"Nitajifunza."

Jumapili ya pili kila taa ilikuwa na swichi yake, zikawaka mbili. Chapchap alimsalimia, akamuuliza hali ya cherehani, akaenda zake. Mshona nguo alianza kumwamini, na hilo lilimtia hofu.

Wiki hiyohiyo akasikia hodi. Alikuwa shangazi yake Chapchap na wanawake wawili, tabasamu hadi masikioni.

"Mkwe, tumekuja kujua tarehe. Kumbi zinajaa hizi."

Aliwapa chai, akawasindikiza kwa adabu zote, kisha akamwandikia Chapchap: "Nilisema usitume mtu. Umeshindwa. Tuishie hapa."

Jibu likaja: "Nimesoma. Pole sana."

Basi, hakuna la ziada. Mshona nguo alilia juu ya kitambaa cha mteja hadi ikabidi akipige pasi upya.

Jumapili ya tatu Chapchap alikaa nyuma kabisa, hakuinua macho. Kesho yake simu iliita.

"Mwanangu, ni shangazi. Kile kiherehere kilikuwa changu. Kijana hakuwa na habari, siku ile alikuwa juu ya paa la watu. Jana nimemuuliza mbona hali chakula, ndipo akanieleza."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema ulimkataza kukusukuma, na kujitetea nako ni kusukuma."

Mshona nguo alikaa chini. Moyo ulimuuma kwa huruma, akaandika: "Nimejua ukweli. Nisamehe. Krismasi iko palepale."

"Asante. Nasubiri."

Jumapili ya nne taa ya mwisho iliwaka. Watu walipotoka mshona nguo alimfuata Chapchap kwenye swichi zake.

"Mbona huniulizi?"

"Ulinikataza hadi Krismasi."

"Niulize."

"Krismasi ni Alhamisi."

"Chapchap, nakwambia niulize."

"Nimeshazoea kusubiri. Siku hizi hata chai nakunywa ya vuguvugu."

"Mwenzio nimeshindwa. Jibu limenijaa mdomoni tangu shangazi yako alipokata simu. Jana nimeshonea gauni la mtu mkono wa kulia upande wa kushoto."

Chapchap alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliifuta mikono kwenye suruali.

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Nakupenda, na nimechoka kujifanya sijui."

Machozi yalimtoka fundi umeme mzima, akayafuta kwa kiwiko.

"Harusi lini?"

Mshona nguo alimwinulia kidole cha onyo.

"Haya, sijauliza."

"Baada ya Pasaka."

"Ina maana kuna Kwaresima nzima hapo katikati?"

"Ipo."

Chapchap alishusha pumzi ndefu.

"Nitasubiri."

Mshona nguo akamshika mkono.

"Na gauni nitalishona mwenyewe," alisema. "Safari hii silifumui."