Alimwacha Mchumba Wangu kwa Jina Langu

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mackinnon Road, na kazi yangu ni kukunja mashuka katika hoteli moja hapa Diani. Haya sikuhadithiwa... yalinikuta mwenyewe.

Mchumba wangu Danieli alikuwa mpishi katika meli ya watalii. Mahari yalikwisha kupokewa, kilichobaki ni yeye kurudi. Simu za ng'ambo zilikuwa ghali, basi tukaandikiana kwa kompyuta katika duka moja pale Ukunda. Wengi wetu hatukujua kupiga taipu. Unakaa kwenye benchi, zamu yako ikifika unamtamkia mhudumu, naye anaandika.

Mhudumu alikuwa Eunice, shoga yangu wa kanisani. Yeye ndiye aliyenifungulia sanduku la barua na kunichagulia neno la siri. Nilimwambia alishike yeye, mimi nitalisahau. Nani asiyemwamini mtu anayeimba naye kwaya?

Kisha barua zikakatika. Kila nikienda, Eunice ananiambia, "Hajaandika, shoga. Bahari ni kubwa, vumilia."

Nikavumilia... Masika yakaja, yakaisha. Eunice naye akaaga kwamba anakwenda kumuuguza mama yake.

Siku moja nilikutana na mama yake Danieli sokoni Kombani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akaniuliza nataka nini kwake, na Mzungu wangu ninaye.

Mzungu yupi, jamani?

Akasema nilimwandikia mwanawe kwamba nimepata Mzungu, asinitafute tena. Danieli alikataa kuamini, lakini barua ilitoka kwenye sanduku langu, na jina langu chini yake. Aliyemliwaza ni Eunice. Wamekwisha kufunga ndoa, Mombasa.

Sikulia. Nilirudi kazini nikakunja mashuka. Watu wakinisemesha, naitika tu.

Baadaye nilikwenda dukani. Mhudumu mpya, mama mmoja mpole, akajaribu kulifungua sanduku langu, likakataa. Akaniuliza neno la siri ni lipi. Ningelijulia wapi?

Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako. Neno lako la siri usimpe mtu, hata kama mnalala kitanda kimoja. Jifunzeni kuandika wenyewe, hata kwa kidole kimoja, hata benchi zima likiwacheka.

Mimi nilimwacha mwanamume niliyempenda... na mpaka leo sijui nilimwambia maneno gani.