Kilimi cha Maombi

Jumapili ile Maombi aliimba. Akina mama wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, bado wanaikumbuka, maana mtoto wa miaka sita alisimama mbele ya kwaya ya wakubwa akaongoza pambio bila kutetemeka. Baba yake Robert, fundi cherehani aliyeshona nguo mtaa wa Chilinde mjini Lilongwe na kurudi kambini mwisho wa juma, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Mama yake Nadège aliinamisha uso akitabasamu. Ulikuwa mwaka 2000, na tangu wakimbie vita Uvira, kwetu Kongo, hawakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Jumanne mtoto akasukuma sahani ya nsima, ugali wa huku.

"Mama, mu shingo munaniuma."

Nadège alimpeleka zahanati siku hiyohiyo, na hapo, ndugu zangu, hakukosea. Nesi alimulika koo akaona mafindofindo yamevimba, yana madoa ya usaha. Alimpa vidonge vya penisilini vya siku kumi, na mkalimani akarudia mara mbili: "Hata akipona, mama, amalize yote."

Siku ya tatu Maombi alikuwa anakimbia uani. Basi Nadège akafanya jambo ambalo wengi wetu tuliokimbia vita tumelifanya, tusijitie utakatifu. Alivifunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa, akavitia katika furushi la safari, lile la vyeti vya ubatizo na nguo za kubadilisha. Njiani kutoka Uvira mwanawe wa kwanza, Divin, alikufa kwa homa huku yeye hana hata kidonge kimoja. Aliapa kwamba vita vikimfuata tena havitamkuta mikono mitupu. Alikuwa anamwekea Maombi akiba, maskini, na kumbe ugonjwa ulikuwa haujatoka.

Wiki mbili baadaye koo lilirudi kuuma, kali kuliko mwanzo. Angemrudisha kwa nesi, lakini angeulizwa vidonge viko wapi, na aibu ikamfunga miguu. Akamwita jirani, mzee Ntirampeba, Mrundi mpole aliyeheshimiwa kambini kwa kazi moja: kukata kilimi, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu Kivu kama kwao Burundi, mtoto akikohoa sana, akitapika, akikataa chakula, kilimi ndicho hushitakiwa kwanza.

Mzee alichungulia kinywa cha mtoto. "Unaona? Kilimi njo inamuziba. Dawa ya zahanati haiwezi hii."

"Baba yake haiko, muzee. Tumungojee Jumapili?"

"Ukingoja itamunyonga. We ulikatwa, mi nilikatwa. Tulikufa?"

Nadège akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili asijitikise. Hilo ndilo linalomtesa mpaka leo. Maombi alimtazama mama yake tu, hakumtazama mzee, na wembe ukaingia.

Damu haikukatika hadi jioni. Kesho yake shingo ilivimba, kinywa kikawa hakifunguki, mate yakawa yanadondoka kwa kuwa hayamezeki. Nadège alimpakata juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, mwendeshaji akakanyaga mpaka zahanati, na gari la wagonjwa likawachukua hadi hospitali kubwa mjini. Robert aliwakuta huko, nyuzi za kazi bado zimemganda kwenye shati.

"Nani amemkata?" daktari aliuliza kupitia mkalimani. Nadège akawa anamfuta mtoto mate. Daktari akaeleza bila ukali: jipu lilikuwa limetunga nyuma ya findo, kidonda cha wembe kimeongeza uchafu, damu imepungua na njia ya hewa inaziba. Kilimi chenyewe hakikuwa na ubaya wowote. Walipasua jipu, wakamwongezea damu, walifanya kila walichoweza. Siku ya pili, saa nne asubuhi, Maombi akaacha kupumua.

Kwenye matanga Ntirampeba alikuja na unga, akalia kweli, machozi ya mtu aliyempenda mtoto. Kisha akasema, "Tulichelewa, Mama Maombi. Ingekatwa mapema angepona."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Béatrice, jirani yao, aliyekuwa amempakata mtoto anayekohoa, akasema, "Wangu nitakuletea kesho, muzee."

Nadège angeweza kunyamaza. Lawama ingebebeshwa Mungu na vita, kama ilivyo desturi yetu, na mumewe asingejua habari ya vidonge wala ya mikono yake. Lakini alisimama.

"Hapana, Béatrice. Dawa balitupatia, ya siku kumi. Mi nilimupa ya siku tatu, ingine nikaficha. Kisha nikamushika kichwa, bakamukata. Usimulete wako."

Robert, aliyekuwa anasikia habari ya vidonge na ya kushika kichwa kwa mara ya kwanza, aliinuka na kuchukua koti lake. Alirudi Chilinde siku hiyo. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Béatrice alimpeleka mtoto wake zahanati. Alikuwa na mafua tu.

MAFUNZO

Ndugu zangu, koo la mtoto likiuma na homa ikipanda, mpeleke zahanati. Dawa uliyopewa ya siku kumi ni ya siku kumi, hata akiruka na kucheza siku ya tatu. Ukiikatiza, ugonjwa hujificha na kurudi na nguvu. Ukikosea, rudi ukaseme, maana hasira ya nesi haijaua mtoto. Na kilimi mkiache kilipo. Mnasema wengi tulikatwa na tuko hai. Ni kweli, na hao waliokufa hawapo hapa kutujibu. Nadège ameniruhusu niwasimulie haya yote kwa sharti moja, kwamba nisiubadilishe ule ukweli wa mikono yake.