Injini Iliyovuta Pumzi

Sindano ya geji ya kupimia mgandamizo wa injini iliruka mara tatu, ikaruka tena tatu, ikaruka tena tatu, kama inavyotakiwa. Stata ikaachwa. Injini ikasimama. Kisha, wakati hakuna kitu kinachozunguka, sindano ikapanda yenyewe mara moja zaidi, taratibu, ikashuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Umewasha tena?" aliuliza fundi aliyeishika geji.

"Nimewasha nini? Mkono huu hapa." Mumewe aliutoa mkono dirishani mwa gari akachezesha vidole.

"Sindano imepanda."

"Upepo umebaki ndani, unatoka. Na wewe nawe, hata upepo unataka ukuombe ruhusa?"

Fundi alicheka, lakini geji hakuiweka chini.

Wateja walimwita Sikio. Alikuwa na mazoea ya kuisikiliza injini kwanza, spana baadaye, na aghalabu sikio lake lilimaliza kazi kabla mkono haujachafuka. Gereji ilikuwa yake na mumewe: yeye injini, mumewe bodi na rangi. Walikaa humohumo, vyumba viwili na jiko nyuma ya ukuta, na harufu ya rangi ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mito ya kulalia, hata wao wenyewe hawaisikii tena.

Gari lile lilikuwa la mwalimu wa kwaya. Jekundu, fupi, la viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia. Injini yake si ya kawaida. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna rota mbili, vipande vizito vya chuma vyenye pembe tatu, kila kimoja kikizunguka katika chumba chake. Kwenye kila ncha kuna ukanda mwembamba wa chuma unaokwangua ukuta wa chumba ili pumzi isivuje. Hiyo ndiyo sili. Sili ikifa, nguvu imekwisha. Na ili isife, injini hizi zimeumbwa kunywa oili kidogo kidogo. Mwenye gari hupima na kuongeza, hupima na kuongeza, kama anayelisha mtoto.

"Tangu ninunue sijaongeza hata tone," mwalimu alikuwa amesema alipolileta, kwa kujisifu.

Alisema kwa kunong'ona. Sauti ilikuwa imemkauka kwa miezi mingi, akawa anaiongoza kwaya kwa mikono tu. Madaktari walimwambia apumzike. Kupanda ngazi tatu za gereji kulimfanya ashike ukuta.

Sasa Sikio alichomoa kijiti cha oili akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Imejaa. Safi kama ya jana dukani.

"Injini hii hainywi oili," alisema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Si vizuri. Isipokunywa oili, sili zinakunywa nini?"

 Mumewe alikuwa anainamia matundu ya plagi, pua ameikunja. "Njoo unuse."

Sikio akanusa. Alitegemea petroli, maana ndiyo iliyokuwa imefurika ndani na kulizuia gari lisiwake. Petroli ilikuwapo. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya uvuguvugu, ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi na hajasukutua.

"Panya kafia humo," mumewe alisema. "Lete mpira wa bomba niipulize, tukaushe tujue moja."

Akachukua kipande cha mpira, ncha moja akaipachika kwenye tundu la plagi, nyingine mdomoni, akapuliza. Mashavu yakamvimba. Ukungu wa petroli ukatoka tundu la pili. Akapuliza tena.

Safari hii ukungu haukutoka. Sikio alimwona mumewe akikunja uso kwa mshangao, kisha mashavu yale yaliyovimba yakabonyea ghafla, yakaingia ndani mpaka mifupa ikaonekana, na mpira ukajikaza na kunyooka kama kamba inayovutwa na watu wawili, na macho yake yakamtoka huku mikono ikilisukuma gari, ikilisukuma bila kuweza kujitenga nalo, na kutoka ndani ya chuma kile kilichopoa kukasikika mvuto mrefu, mrefu, wa mtu mwenye kiu aliyepewa maji. Sikio aliurukia mpira akaukata kwa kisu cha gasketi.

Mumewe alianguka kwa makalio.

"Ime..." alisema. Akatafuta hewa. "Ime... nivuta."

Mbele yake, injini ikashusha pumzi.

*

Hospitali walimpiga picha ya kifua. Mapafu mazima, wakasema. Mpiga rangi, eh? Basi ni hewa ya rangi hiyo. Apumzike, avae barakoa. Sikio alipokea dawa akashukuru. Angesema nini? Kwamba gari limemnyonya mume wake?

Nyumbani hakuweza kumaliza sentensi. Alisema neno, akasimama, akasema lingine, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Hakuweza kupuliza chai. Siku iliyofuata hakuweza kukaa bila kuegemea ukuta.

Na gari likapona.

Sikio alirudisha plagi kwa nia moja tu, alitoe gerejini kwake alirudishe kwa mwenyewe. Aligusa ufunguo tu, likawaka. Halikukohoa. Lilitulia palepale likinguruma kwa sauti laini, yenye nguvu, na Sikio, ambaye angeweza kuitofautisha injini na pacha wake kwa mlio tu, alihisi nywele za mikono zikimsimama. Aliujua mngurumo ule. Alikuwa ameulalia ubavuni miaka yote ya ndoa yake. Alikuwa ameulalamikia, ameusukuma kwa kiwiko, ameufunika kwa mto. Ilikuwa mikoromo ya mumewe, ikipanda, ikikwama kidogo kule juu inapokwama siku zote, ikishuka.

Akazima. Injini ikaendelea kidogo, ikimalizia ule mkoromo, ndipo ikanyamaza.

Kutoka chumbani alimsikia mumewe akihangaika kuvuta hewa.

Akampigia simu shangazi wa mumewe.

*

Shangazi huyo alikuwa fundi cherehani, mnene, mwenye haraka, mdomo mkali. Watu walimpelekea nguo za kupunguza, na wengine, kwa mlango wa uani, walimpelekea wagonjwa wenye vitu vilivyowapanda. Alifika asubuhi kwa pikipiki, akashuka akimkaripia dereva kwa mwendo wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi mwanangu? Na hilo dude liko wapi?"

Alimtazama mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro gerejini, karibu na mlango wa chumbani, akamshika kifua, akasonya. Akalizunguka gari. Akainama nyuma, kwenye bomba la moshi, akabisha hodi kwa kidole.

"Nani humo?"

 Kisha ikatoka ndani ya bomba sauti yenye upepo mwingi na maneno kidogo.

"Nitoe."

Ilikuwa sauti ya mumewe Sikio. Na palepale, kwenye godoro, mwenye sauti yake alijikunja, midomo ikageuka rangi.

"Shangazi, acha! Unamwua!"

"Nimeona." Shangazi alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Jini hili halina pumzi yake. Linasema kwa ya mwanangu. Kila neno litakalotamka, yeye ndiye anayelilipia. Lazima niulize moja tu, na liwe la maana." Akafikiri, jasho likimtiririka. Akainama tena. "Kwa nini hutoki mwenyewe?"

Bomba lilivuta hewa. Mgonjwa aliinuka mgongo kama upinde.

"Kila... nikifika... mlangoni... mlango... unanipita."

Sikio alikuwa ameshamkumbatia mumewe, kichwa chake kifuani, akihesabu mapigo yaliyokuwa yakichelewa. Lini pigo litakuja? Likaja.

"Linanidanganya," Shangazi alinong'ona. "Mlango gani unampita mtu?"

Lakini Sikio alikuwa amekodoa macho kwenye boneti. "Halidanganyi. Rota ikizunguka, tundu la kuingilia linafunguka upande mmoja, linafungwa. La kutokea linafunguka upande mwingine, linafungwa. Likizimwa, pembe zimeziba. Jini liliingia, shangazi, likakuta chumba kinageuka. Limezungushwa humo tangu hapo. Linakula pumzi za watu kwa sababu halina nyingine."

"Usilionee huruma. Mwenye kuzama ndiye anayemzamisha mwokozi." Shangazi akafunga kanga kiunoni. "Mimi nawajua majini, injini siijui. Unaweza kuifungua?"

"Kuishusha na kuifungua ni kazi ya kutwa."

"Basi anza. Na sikiliza: likitoka, lisikute mtu njiani. Kitu kilichokaa bila hewa hakichagui mlango. Kinaingia wa kwanza kinaouona wazi."

*

Sikio hakula siku hiyo. Alimwaga maji ya rejeta, akamwaga oili, akakata nyaya, akafungua bomba la moshi, akafunga mnyororo wa winchi. Injini ilipoinuliwa kutoka kwenye gari ilikuwa ndogo ajabu, ungedhani pipa la rangi, ila mnyororo ulilia kana kwamba unabeba lori. Aliikalisha kwenye meza ya chuma, uso ukielekea lango kubwa la gereji lililo wazi na barabara tupu mbele yake. Shangazi alikuwa amewaomba majirani wasipite. Waliomjua hawakuuliza mara mbili.

Jua lilikuwa limeinama alipofika kwenye bolti ndefu, zile zinazopita injini nzima kutoka mbele mpaka nyuma na kuvishika vyumba vyote pamoja. Alilegeza moja. Ndani kitu kikajigeuza.

"Endelea," Shangazi alisema. Alikuwa amepiga magoti kwenye godoro, kiganja kwenye kifua cha mgonjwa.

Alilegeza nyingine, na nyingine, na kadiri alivyolegeza ndivyo rota zilivyoanza kusogea zenyewe, bila betri, bila petroli, nusu mzunguko mbele, nusu nyuma, kama mnyama anayejigonga kwenye zizi, na kila ziliposogea hewa ya gereji ilivutwa, vumbi likatambaa sakafuni kuielekea meza, vitambaa vya kufutia mikono vikaelea, miali ya jua yenyewe ikaonekana kupinda, na kwenye godoro mumewe alikuwa amefumbua mdomo bila chochote kuingia wala kutoka, na Sikio akawa anavuta spana kwa mikono miwili huku akilia, akimwita kwa jina la nyumbani, akilitukana jini, akiliomba, akilitukana tena, mpaka ikabaki bolti moja.

Ghafla kila kitu kikatulia. Rota zikasimama. Vitambaa vikaanguka.

Injini ilikuwa imenyamaza kama mtu aliyesikia hatua nje.

Sikio aligeuka. Langoni alisimama mwalimu wa kwaya, kashika mwimo, akihema kwa kutembea tu.

"Mwalimu, ondoka hapo!" Shangazi alipaza sauti. "Ondoka mlangoni!"

"Nimeambiwa mmelifungua," alinong'ona. Aliitazama meza, akamtazama mgonjwa, na mtu angeweza kuona jinsi alivyokuwa akielewa, kitu kimoja baada ya kingine. "Kumbe ni lile lililonichukulia sauti."

"Baba, nakusihi, pisha njia," Shangazi alisema.

"Miaka thelathini nimeimba. Sasa hata mke wangu akiwa jikoni hanisikii nikimwita." Akaingia hatua moja ndani, akasimama katikati ya lango. "Kama ya huyu inarudi, na yangu irudi."

"Hatutafungua mpaka uondoke," Sikio alisema.

Nyuma yake Shangazi akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Moyo wa mumeo umesimama, mwanangu."

Sikio hakuomba tena. Aliizungusha spana.

Bolti ilitoka. Sahani ya mbele ilibanduka kwa mlio wa busu, na upepo uliotoka hapo haukuwa mkubwa kama alivyoutegemea. Ulikuwa mwembamba, wa moto, wenye ile harufu ya mdomo wa asubuhi. Ulimpita shavuni, ukaelekea langoni. Kwenye godoro mumewe akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akavuta tena, akalia kama mtoto mchanga. Sikio aliitupa spana akamkimbilia.

Hakumwona mwalimu akifumbua mdomo. Shangazi alimwona.

*

Mwalimu alisimama palepale langoni, mikono imening'inia. Kisha akaimba.

Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mmoja. Ilikuwa pana, tulivu, ikajaza gereji mpaka mabati yakatetemeka. Mwalimu alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Alimpungia Sikio mkono wa shukrani, hakuliulizia gari, akageuka akaondoka kwa miguu, akipanda mlima wa barabara kwa hatua za kijana, akiimba.

"Amepona," Sikio alisema. Alikuwa amemshika mumewe uso kwa mikono yenye grisi, anacheka na kulia. "Shangazi, wote wamepona!"

 Shangazi alikuwa amekwenda langoni akimtazama yule anayeondoka, mkono kwenye mwimo.

Mumewe aliinuka akakaa bila kuegemea kitu. Furaha ya kuwa na hewa ilimjaa, akataka kuitumia. Akaanza kuufuatisha wimbo ule kwa kuguna, ovyo ovyo, maana kuimba hakujua. Pumzi ikamwishia, akavuta nyingine. Akafuatisha. Ikamwishia, akavuta. Akafuatisha tena, kifua kikamwishia tena, na hapo akanyamaza, akatega sikio.

Huko juu barabarani wimbo ulikuwa unaendelea. Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kona, nyumba zimemficha, na sauti bado inakuja, noti moja ikiingia katika nyingine bila mwanya hata wa unywele.

"Mke wangu," alisema polepole, "mbona yeye hapumui?"

Shangazi alianza kulivuta lango kulifunga.