Hundi ya Dhamana

Jumatano saa tisa alasiri hundi ilirudi kutoka benki ikiwa na mhuri mwekundu: haina fedha. Saa kumi na nusu Fundi alikuwa amesimama kituo cha polisi, mtoto wa miezi mitano mgongoni, kipande cha uzi mweupe kikining'inia kwenye blauzi yake.

"Kuandika hundi ukijua akaunti ni tupu ni jinai," Koplo alimwambia. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. "Umewahi kushtakiwa?"

"Hata jirani hajawahi kunipeleka kwa mtu."

"Saini ni yako?"

"Yangu. Kiasi si changu. Mzee Jora ndiye anayetuuzia vitambaa, na kila fundi anayechukua kwa mkopo anamwachia hundi ya dhamana. Unasaini, kiasi unaacha wazi, ukimaliza deni anakurudishia. Safari hii nilisubiri shule ilipie sare."

"Ulisaini karatasi tupu ukampa mtu?"

"Ukitaka kucheka cheka, afande. Mimi nitacheka nikitoka hapa."

Koplo hakucheka. Maelezo ya Mzee Jora yalikuwa mbele yake: Fundi alifika dukani Ijumaa iliyopita, akachana hundi kitabuni, akajaza tarehe, kiasi na saini palepale kaunta. Koplo aliinua hundi dirishani. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vilivyojipanga kama sisimizi wanaohama, vikakatiza kiasi na kushuka hadi kwenye saini.

"Rudi kwako ukalale," alisema. "Ijumaa saa mbili uwe hapa. Kama sijapata kitu, faili linakwenda mahakamani."

"Ijumaa saa nne shule inasaini mkataba wa sare za mwaka mzima. Mwenye kesi hapewi. Nikiukosa, nafunga chumba cha kazi."

"Basi tusilale sana."

Alhamisi asubuhi Koplo aliingia kwenye chumba hicho. Mashine tatu, pasi ya mkaa, meza ndefu ya kukatia. Mume wa Fundi, fundi bomba, alikuwa akimbembeleza mtoto pembeni, na alipomwona askari akaanza kumbembeleza kwa kasi zaidi.

"Hundi aliipeleka nani dukani?"

"Mimi," mume alisema. "Mke wangu alikuwa na kazi nyingi."

"Ilikuwa imejazwa?"

"Tupu kabisa. Ilikuwa na saini tu."

"Shahidi?"

Hakuwepo. Hapo Koplo akaanza kumtilia shaka. Mtu aliyeshika hundi tupu njia nzima, bila shahidi, na macho hayatulii. Alipotazama rafuni aliona kitambaa cha kijivu, kizito, kisichofanana na sare yoyote.

"Na hiki?"

"Nilinunua."

"Kwa nani?"

Mume alimhamishia mtoto bega la pili. "Alinipa Mzee Jora. Niliomba aniandikie kwamba amepokea hundi tupu. Akasema mambo ya kuandikiana ni ya watu wasioaminiana, akanikatia hicho cha kushona suruali."

Fundi aliweka mkasi chini. "Suruali, Baba Mtoto? Umeniuza kwa suruali?"

"Sikukuuza, mke wangu. Nilidhani nimepata bahati."

"Bahati yako ina mifuko miwili na zipu. Yangu ina pingu."

Fundi aligeukia kazi yake kama mtu anayetafuta cha kupiga. Alilaza karatasi ya kola juu ya kitambaa, akashika kigurudumu cha meno, akakisukuma kwa nguvu kufuata mstari. Kila kilipopita kiliacha vitundu.

Koplo alisogea. "Hundi uliisainia wapi?"

"Hapa. Mtoto akalia, nikaisahau chini ya karatasi ya kola. Nilishapitisha kigurudumu mume wangu alipoiulizia."

Koplo aliitoa hundi kwenye bahasha, akaiweka chini ya karatasi ya kola, akaisogeza polepole. Vitundu viliangukia vitundu. Kisha akaigeuza nyuma, akaitazama kwa muda mrefu. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu wa shule.

Ijumaa saa mbili Mzee Jora aliketi kituoni, kanzu imepigwa pasi, akimtikisia Fundi kichwa kwa masikitiko.

"Aliandika yote mbele yako?" Koplo aliuliza.

"Yote. Kwa kalamu yangu hii ya wino."

"Hundi ilikuwa nzima?"

"Safi. Imetoka kitabuni macho yangu yakiona."

Koplo aliigeuza hundi. "Tazama nyuma. Penye kiasi, wino umezama kwenye vitundu ukatokea huku. Penye saini hakuna hata tone; vitundu vimekata wino uliokwisha kukauka. Kwa hiyo saini ilitangulia, vitundu vikafuata, kiasi kikaja mwisho. Vitundu ni vya meza ya Fundi. Kaunta yako haina kigurudumu."

Mzee Jora alijifuta paji la uso. "Basi mumewe ndiye aliyeijaza. Aliniletea imekwisha kujazwa."

"Sasa hivi umesema Fundi aliandika mbele yako."

Mzee Jora alirudisha kalamu yake mfukoni.

"Na Jumanne asubuhi," Koplo aliendelea, sauti bado iko chini lakini ngumu, "ulimpigia simu mwalimu mkuu ukamwambia Fundi ana kesi ya hundi. Hundi ilirudi Jumatano. Uliota?"

Mzee alimgeukia Fundi, si Koplo. "Binti yangu amefungua karakana. Mashine kumi zimekaa bure, mimi ndiye niliyezinunua. Shule inakupa wewe mwenye tatu. Nilitaka ukose mkataba tu. Jela sikuiwazia."

"Ulidhani polisi wangenipeleka wapi? Harusini?"

"Tuyamalize, mwanangu. Deni lote nalifuta."

"Usiniite mwanangu. Mwanao ni yule mwenye mashine kumi." Fundi alisimama. "Siku mbili hizi mtoto ananyonya analia, maziwa hayatoki kwa hasira. Unanifutia nini, mzee? Deni nitalilipa, shilingi kwa shilingi, kwa sare nitakazoshona."

Koplo alichukua faili la Fundi, akaliandika limefungwa, akavuta karatasi mpya na kuuliza jina kamili la Mzee Jora.

"Nisamehe," mzee alisema. "Nina presha."

"Kusamehe nitasamehe, najijua," Fundi alisema, akikaza mbeleko. "Lakini si leo. Leo nina mkataba wa kusaini, na nitausoma mpaka mstari wa mwisho kabla sijashika kalamu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Mumewe alikuwa mlangoni, akitaka kumpokea mtoto. Fundi alimpita, kisha akarudi hatua moja, akampa.